Hirizi ya Mvuvi na Hisabu ya Moyo

Bismillahi Rrahmani Rrahim.

Na ajue msomaji ya kuwa moyo wa binadamu ni karani, walakini ni karani mwenye upendeleo. Khabari inayowafikiana na yale ayaaminiyo bwana wake huiandika kwa wino, na khabari inayoyapinga huiandika juu ya mchanga, upepo ukija ikafutika. Wala bwana hamwoni karani akiifanya kazi hii. Hudhani ya kuwa anayakumbuka yote yaliyompitia, na ya kuwa imani yake imesimama juu ya ushahidi wa miaka mingi. Kumbe alichonacho mkononi ni nusu ya daftari, na nusu hiyo imechaguliwa.

Jambo hili husomeshwa leo katika vyuo vikuu, katika ilimu ya nafsi, nalo si ugonjwa wa wajinga peke yao. Humpata aliyesoma na asiyesoma, Mwislamu na asiye Mwislamu, mtu wa pwani na mtu wa bara. Na kwa kuwa maneno matupu hayashiki moyoni, ni bora lisomwe kwa mfano ulio karibu na kazi za watu. Na mfano mwema upo Igogo, katika mji wa Mwanza.

Igogo ni kata iliyo upande wa kusini wa mji huo, ukingoni mwa ziwa Viktoria. Nyumba zimepanda vilima vya mawe makubwa, jiwe juu ya jiwe, hata mgeni wa pwani aliyezoea mchanga na minazi hushangaa watu walivyopata pa kuweka msingi. Watu wa Mrima na wa visiwani walifika pande hizi kwa biashara hata kabla ya reli ya Tabora kufika Mwanza mwaka 1928. Ziwa ndilo linalowalisha wengi. Kuna sangara, kuna sato, na kuna dagaa. Na khabari ya dagaa ndiyo itakiwayo hapa.

Dagaa huvuliwa usiku kwa taa. Zamani taa zilikuwa karabai za mafuta, na siku hizi nyingi ni taa za betri. Taa huwekwa juu ya maji, dagaa hufuata mwanga wakajikusanya chini yake, kisha wavu ukazungushwa. Basi akili yenyewe yaonyesha ya kuwa taa hufaa penye giza. Mwezi ukiwa mpevu ziwa lote huwa jeupe, taa ya mvuvi ikawa haina kazi, na dagaa wakatawanyika. Kwa hiyo wavuvi wengi hupumzika siku za mbalamwezi, wakashona nyavu, na hurudi kazini giza liingiapo. Mwislamu hahitaji kufundishwa hisabu hii, kwani miezi yake ni ya mwandamo: tarehe 13, 14 na 15, zile ziitwazo ayyamul-bidh, yaani siku nyeupe, ndizo mbaya kwa dagaa, na tarehe 27 hata tarehe 3 ya mwezi unaofuata ndizo za giza.

Sasa na achukuliwe Zaidi, yule Zaidi ambaye katika vitabu vya nahau hampumzishi Amri kwa kumpiga. Ikadiriwe ya kuwa Zaidi ana mtumbwi Igogo na wavuvi wanne wa kumfanyia kazi. Tarehe 10 ya mwezi apata kidogo. Tarehe 12 apata kidogo zaidi. Tarehe 14 arudi na wavu mtupu, naye anadaiwa mafuta na posho za watu. Hapo ndipo moyo unapodhikika, na mtu aliyedhikika hutafuta mlango. Aenda kwa mganga. Mganga ampa hirizi ya kufunga kwenye omo ya mtumbwi, akamwambia angoje siku saba ataona. Zaidi alipa, akangoja, na siku ya saba, yaani tarehe 21, aona kweli.

Zaidi hasemi uongo asemapo ya kuwa alifunga hirizi na samaki wakaja. Yametokea. Walakini tarehe 21 mwezi hauchomozi ila karibu na usiku wa manane. Saa zote za mwanzo wa usiku zina giza, na dagaa wamerudi kwenye taa za kila mtumbwi, wa mwenye hirizi na wa asiye nayo. Hapana aendaye kwa mganga siku wavu umejaa. Watu huenda siku mambo yalipofika chini kabisa, na yaliyofika chini kabisa hayana njia ila kupanda. Basi mganga yeyote, mkweli au mwongo, mwenye dawa au mwenye majivu, atasifiwa kwa kupanda huko.

Lau mambo yangekoma hapo lingekuwa kosa dogo, la mtu kukosea sababu ya jambo moja. Kazi ya karani yaanza baadaye.

Ikadiriwe tena ya kuwa mwaka ule Zaidi alikwenda ziwani safari 200. Katika safari 120 alikuwa na hirizi, na katika safari 80 hakuwa nayo, imepotea au imekwisha nguvu naye akingoja nyingine. Katika zile 120 alipata vyema mara 48, akapata vibaya mara 72. Katika zile 80 alipata vyema mara 32, akapata vibaya mara 48. Mwenye kujua hisabu ataona mara moja ya kuwa pande zote mbili Zaidi amepata vyema safari mbili katika kila safari tano, wala hirizi haikumwongezea hata dagaa mmoja. Lakini na aulizwe Zaidi mwisho wa mwaka. Hatataja 72, wala 32, wala 48 za upande wa pili. Anazo safari 48 alizofunga hirizi na kujaza mtumbwi, nazo huzihadithia kwa furaha, akitaja upepo ulivyokuwa na nani alikuwapo. Na nani atakayebishana na mtu aliyeona kwa macho yake mara 48?

Na vile vyumba vitatu vingine vya daftari vilikwenda wapi? Havikusahauliwa vyote kwa namna moja, na hapa ndipo penye ujanja wa nafsi. Zile safari 72 za hirizi na wavu mtupu, kila moja ilipata udhuru: siku ile upepo wa ziwa ulikuwa mkali, siku ile mmoja katika wavuvi alivunja mwiko, siku ile hasidi alipita karibu na mtumbwi. Safari iliyopewa udhuru haihisabiwi tena. Zile 32 alizopata vyema bila hirizi aliziita bahati, au alisema nguvu ya hirizi ya kwanza ilikuwa haijatoka mtumbwini. Na zile 48 za kukosa vyote viwili, hirizi na samaki, alizitoa kuwa dalili ya kuwa bila hirizi hakuna kitu. Atazame msomaji ya kuwa udhuru hutafutwa upande mmoja tu. Safari njema haikuulizwa sababu yake; safari mbaya ilihojiwa kama mwizi.

Hapa si mahali pa kueleza hukumu ya hirizi. Wanavyuoni wamekhitilafiana katika ile iliyoandikwa Qurani tupu, na mwenye kutaka maneno yao atayakuta katika vitabu vyao. Linalosomwa hapa ni hisabu, na hisabu hii humpotosha hata mtu asiyegusa hirizi maisha yake.

Katika Hadithi aliyoipokea Bukhari, Mtume Muhammad, rehema na amani zimshukie, aliulizwa khabari ya makuhani, wale watu watabirio mambo. Maana ya jibu lake ni kuwa wao si kitu. Waulizaji wakamwambia ya kuwa mara nyingine kuhani hunena jambo nalo likawa. Akawaeleza ya kuwa hilo ni neno moja la kweli lililonyakuliwa na jini akalitia sikioni mwa kuhani, kisha likachanganywa na uongo zaidi ya mia. Na katika riwaya ya Abu Huraira imeongezwa khabari ambayo kwa somo hili ina thamani kubwa: ya kuwa watu humsadiki kuhani kwa ajili ya neno lile moja, wakikumbushana siku aliyolinena. Uongo ule mia ulisemwa mbele ya watu walewale, ukasikiwa kwa masikio yaleyale, na hapana aliyeweka tarehe ya hata mmoja.

Na kisa cha kupatwa kwa jua kina funzo gumu zaidi, maana hapo khabari iliyopendwa ilikuwa ya kumtukuza Mtume mwenyewe. Mwaka 10 wa Hijra, nao ni mwaka 632, mwanawe Ibrahim alifariki, na siku hiyo jua likapatwa. Watu wakasema jua limepatwa kwa ajili ya kufa kwake. Waliosema hivyo walikuwa wafuasi, si maadui, na lau angalinyamaza neno hilo lingalienea na kudumu. Akawakataza, akawajulisha ya kuwa jua na mwezi havipatwi kwa kufa kwa mtu wala kwa uhai wake. Watoto wangapi walikufa Madina siku ambazo jua halikupatwa, na hapana aliyewatia katika hisabu?

Wanavyuoni wa Hadithi waliujua ugonjwa huu, wakauwekea ulinzi. Waki bin al-Jarrah wa Kufa, aliyefariki mwaka 197 wa Hijra, hunasibishiwa neno ambalo maana yake ni kuwa watu wa ilimu na watu wa hawaa hutambulikana kwa kalamu zao: wale wa kwanza huandika hata khabari inayowavunja hoja, na wale wa pili huishia kwenye inayowasaidia. Ndiyo sababu vitabu vya kuchunguza wapokezi vimejaa majina ya wachamungu yaliyoandikwa pamoja na aibu za hifadhi zao. Fulani ni mkweli, lakini uzeeni alichanganyikiwa; fulani ni mwema, lakini hutaja asiyemsikia. Kuandika hivyo juu ya mtu umpendaye si kazi nyepesi.

Na katika Wazungu, Charles Darwin, Mwingereza ambaye wengi katika wasomaji wa karatasi kama hizi hawakubaliani naye juu ya asili ya viumbe, alieleza katika khabari ya maisha yake, iliyochapishwa mwaka 1887 baada ya kufa kwake, ya kuwa kwa miaka mingi alishika kanuni moja. Akikutana na jambo linalopinga rai zake huliandika papo hapo, kwani alikwisha kuona ya kuwa mambo ya namna hiyo hutoroka akilini upesi kuliko yale yanayomwafiki. Ikiwa msomaji amekunja uso kwa kuliona jina hilo, na ajitazame kesho kama ataikumbuka kanuni, au atakumbuka tu ya kuwa Darwin alitajwa.

Jambo hili limekwisha kujaribiwa pia kwa vipimo. Mwaka 1979 wanavyuoni wawili wa Marekani, Mark Snyder na Nancy Cantor, walieleza jaribio lao. Watu walipewa kusoma khabari ya mwanamke mmoja, na ndani yake mlikuwa na vitendo vya ukimya na vitendo vya uchangamfu vilivyochanganywa pamoja. Baada ya siku mbili baadhi yao waliulizwa kama mwanamke huyo afaa kazi ya kutunza vitabu katika maktaba, na wengine kama afaa kazi ya kuuza nyumba na viwanja. Khabari ni moja na mwanamke ni mmoja. Wale wa maktaba walikumbuka zaidi ukimya wake, na wale wa viwanja walikumbuka zaidi uchangamfu wake. Swali peke yake lilitosha kuchagua kumbukumbu, wala hapakuwa na chuki, wala hasara, wala khofu. Basi mtu akadirie yatakavyokuwa vikiwapo vitu hivyo vitatu.

Na msomaji wa pwani asidhani ya kuwa somo hili ni la wavuvi wa ziwa, yeye akaketi barazani akicheka. Achukuliwe Amri, ambaye safari hii hapigwi na mtu, amefungua duka Igogo. Ametoka kwao na neno alilolisikia utotoni, ya kuwa watu wa bara si walipaji. Ikadiriwe ya kuwa amekopesha watu 30; 20 ni wenyeji wa Mwanza na 10 ni jamaa wa pwani. Katika wenyeji 4 hawakulipa, na katika watu wa pwani 2 hawakulipa. Ni mmoja katika watano, huku na huku. Lakini wale 4 Amri huwataja mara kwa mara, na husema ndiyo desturi yao. Wale 2 ana udhuru wao tayari: mmoja alifiwa, na wa pili amesafiri, atarudi. Wale wenyeji 16 waliolipa kwa siku zao hawana kisa, kwani aliyelipa hana la kuhadithiwa.

Ajabu ni kuwa Amri huyuhuyu haamini kumbukumbu hata kidogo katika fedha. Qurani katika Sura ya al-Baqara, aya ya 282, imeamrisha deni la muda liandikwe na lishuhudiwe, na ikataja wazi ya kuwa shahidi huweza kupotewa na jambo akahitaji wa kumkumbusha. Amri ameitii aya hiyo. Kila kibaba cha mchele kimo daftarini. Khabari ya watu, ambayo kwayo huwapa au huwanyima, ndiyo aliyoiacha bila daftari. Na lau angelifungua daftari lilelile la madeni akahisabu majina, angelipata jibu kabla ya adhuhuri.

Yatakiwayo basi si mengi, ingawa ni mazito kwa nafsi. Mwenye kutaka kujua kama kitu chafaa aandike kabla ya kukijaribu ni jambo gani litakalohisabiwa kuwa kufaulu na jambo gani kuwa kukosa, na aandike siku yake, ili udhuru usije ukazaliwa baadaye. Aandike vyumba vyote vinne, hasa kile cha waliofaulu bila kitu hicho, kwani hicho ndicho kisahaulikacho kuliko vyote. Na daftari alisome mbele ya mtu asiyekubaliana naye, maana rafiki wa rai moja ana karani wa namna moja.

Kuna wakati karani huyu huwa si moyo wa mtu mmoja, bali nchi nzima. Mwaka 2011, katika kijiji cha Samunge, Loliondo, kaskazini ya Tanzania, mchungaji mstaafu wa Kilutheri, Ambilikile Mwasapila, alitoa kikombe cha dawa ya mizizi kwa shilingi 500, ikasemwa ya kuwa chaponya kisukari, ukimwi na maradhi mengine. Walikwenda Wakristo na Waislamu, wakulima na viongozi wa Serikali, na magari yakasimama safu mwendo wa kilomita nyingi. Waliojiona na nafuu walirudi kwa mabasi wakihadithia kila kituo. Aliyefia njiani hakupanda basi la kurudi. Na mwenye kisukari aliyeacha dawa zake akizidiwa miezi mitatu baadaye, alizidiwa nyumbani kwake, mbali na redio na magazeti, na jamaa zake wakaona haya kusema. Hivyo mji ukasikia sauti za upande mmoja bila ya mtu yeyote kukusudia kudanganya.

Mpaka hapa hasara imekuwa ya fedha, ya heshima na ya afya. Katika mikoa ya ziwa hisabu hii imemwaga damu.

Vikongwe ndio waliotangulia. Katika Usukumani wanawake wazee wengi wameuawa kwa kudhaniwa wachawi, na alama iliyotajwa mara nyingi ni macho mekundu. Macho hayo yamefanywa mekundu na moshi wa kuni na samadi ya ng'ombe, katika miaka arobaini au hamsini ya kuwapikia walewale wanaowashitaki. Mtoto wa jirani akifa, watu hukumbuka ya kuwa bibi alipita jana akaomba chumvi. Zile mara mia nyingine alizopita akaomba chumvi na mtoto akaamka mzima hazina wa kuzikumbuka.

Kisha wakafuata watu wenye ualbino, ambao zamani waliitwa zeruzeru. Mtu huzaliwa hivyo akirithi kutoka kwa baba na kwa mama pia, wote wawili, ingawa wao wenyewe huweza kuwa na ngozi nyeusi kama watu wote. Na wazazi wa namna hiyo, katika kila mimba, fungu la kupata mtoto mwenye ualbino ni moja katika manne. Si kosa la mama, wala si mzuka, wala si mkosi. Tanzania hukadiriwa kuwa na mmoja katika kila watu 1,400. Tangu mwaka 2007 hivi zilienea khabari za mauaji Mwanza, Shinyanga na Geita, kwa sababu waganga waliwaambia wachimbaji wa dhahabu na wavuvi ya kuwa viungo vya watu hao huleta utajiri, na ya kuwa nywele zao zikisukwa katika wavu huvuta samaki. Hata mwaka 2015 Umoja wa Mataifa ulikuwa umehisabu zaidi ya watu 70 waliouawa Tanzania tangu mwaka 2000. Septemba 2009 Mahakama Kuu ilipoketi Kahama iliwahukumu kifo watu watatu kwa kumwua kijana wa miaka 14. Januari 2015 Serikali ilipiga marufuku wapiga ramli.

Huulizwa imani kama hii huishije, na hali dawa yenyewe haina nguvu hata ya kuvuta dagaa mmoja. Jibu limo katika vile vyumba vinne. Mtu aliyenunua kiungo na shimo lake lisitoe dhahabu hawezi kwenda sokoni akalalamika ya kuwa ametapeliwa, kwani neno hilo litampeleka kwenye kitanzi. Basi chumba cha waliotumia wakakosa kimefungwa, na ufunguo wake anao mnyongaji. Chumba cha waliopata bila kutumia kina maelfu kwa maelfu ya wavuvi na wachimbaji waliojipatia kwa jasho, nao hawana kisa cha kushangaza. Chumba cha kwanza ndicho pekee kilichobaki wazi, na hata hicho hujazwa na uvumi. Mtu wa ufukweni akijenga nyumba ya ghorofa, majirani hunong'ona ya kuwa hakupata bure. Na mnong'ono wa mwaka huu hukumbukwa mwaka ujao kana kwamba ni ushahidi. Aliyetajirika kwa halali ametiwa katika hisabu ya wauaji bila ya kujua, na utajiri wake umekuwa dalili itakayomtuma mtu mwingine kwa mganga.

Lipo na neno jingine lililosemwa na wakubwa, pwani na bara, ya kuwa watu hawa hawafi bali hupotea. Wengi walilisadiki kwa hoja ya macho: hapana aliyekumbuka kuhudhuria maziko ya mmoja wao. Huenda walisema kweli juu ya kumbukumbu zao. Mmoja katika 1,400 maana yake ni kuwa kijiji cha watu 700 huweza kukosa hata mmoja katika umri wa mtu. Tena wengi walifichwa na jamaa zao kwa khofu au kwa haya, wakafa wadogo kwa saratani ya ngozi, kwani ngozi isiyo na rangi haina kinga juu ya jua la nchi hizi, wakazikwa na watu wachache. Wale wachache waliokuwapo kaburini walijua. Lakini sauti yao ilikuwa moja na uvumi ulikuwa mwingi, na wengine kati yao walinyamaza. Leo kinga ni kofia ya ukingo mpana, nguo ya mikono mirefu, na mafuta ya kuzuia jua, ambayo hutengenezwa nchini katika hospitali ya KCMC, Moshi.

Na asemaye ya kuwa watu hawa ni mkosi kwa mji, ana Lindi ya kujibia. Mwaka 2010 watu wa Lindi Mjini walimchagua Salum Khalfani Barwany kuwa mbunge wao, naye ni mtu mwenye ualbino. Miaka miwili kabla yake Al-Shaymaa Kwegyir alikuwa ameteuliwa na Rais kuingia katika Bunge hilohilo. Khabari hizi zilitangazwa nchi nzima. Mwenye kuamini mkosi alizisikia kama alivyosikia mwingine. Na akiulizwa sasa, atakumbuka ajali fulani iliyotokea siku aliyokutana njiani na mtoto mwenye ualbino.

Ng'ambo ya maji kutoka Mwanza, katika mji wa Sengerema, imesimamishwa sanamu ya chuma. Baba amembeba mtoto wake mwenye ualbino mabegani, na mama anamvika mtoto huyo kofia ya jua. Pamoja nayo yameandikwa majina ya watu walioshambuliwa na waliouawa, na apitaye njia huweza kusimama akayasoma, moja baada ya jingine.